Kusafiri na Nyenzo za Kujimudu: Kyela, Matema na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Shule zinapofungwa mwezi Juni na Desemba, mabasi yaelekeayo Kyela hujaa. Wengine wanakwenda kuwasalimu wazazi, wengine kwenye harusi au msiba, na wengine, ambao idadi yao tunafurahi kuiona, wanakwenda kupumzika Matema, mahali ambapo Milima ya Livingstone inasimama karibu kabisa na maji. Miongoni mwa wasafiri hao wamo watumiao viti mwendo, magongo, fremu za kutembelea, miguu bandia na fimbo nyeupe. Wamo pia wazee ambao nyumbani hutembea bila shida, lakini baada ya siku nzima ndani ya basi hawawezi tena kusimama bila mkongojo. Makala haya tumeyaandika kwa ajili yao na kwa ajili ya jamaa wanaofuatana nao.

Nyenzo ya kujimudu si mzigo. Gunia la mchele likisahaulika stendi kwa siku mbili, mwenye gunia amepata usumbufu. Kiti mwendo kikisahaulika kwa siku hizo mbili, mwenye kiti analala mahali pamoja, akisubiri kubebwa hata kwenda msalani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 20 ya mkataba huo inahusu uwezo wa mtu kujimudu katika mwendo, na Ibara ya 30 inayataja waziwazi maeneo ya burudani na utalii. Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010. Haki hiyo ipo, lakini haitamshika mkono msafiri saa kumi na moja alfajiri, kondakta akiwa ameshafunga buti. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya ushauri wetu inahusu mambo ya kufanya kabla ya saa hiyo kufika.

Kabla ya kukata tiketi

Ukipiga simu kwenye nyumba ya wageni na kuuliza kama panafaa kwa mtu mwenye ulemavu, utajibiwa, "Panafaa kabisa, karibu sana." Jibu hilo hutolewa kwa nia njema. Mwenyeji anamaanisha kwamba wapo vijana wenye nguvu watakaokubeba. Wewe ulitaka kujua kama utaweza kuingia bafuni mwenyewe usiku, vijana hao wakiwa wamelala.

Uliza kwa namba. Mlango wa chumba una upana wa sentimita ngapi, na wa choo je? Viti mwendo vingi vina upana wa sentimita 60 hadi 70 vikipimwa kwenye vile vyuma vya duara vya kusukumia. Pima chako, kisha uongeze sentimita 5 za kuepusha vidole visichubuke. Mara nyingi mlango wa choo ndio mwembamba kuliko yote, nao ndio usioulizwa. Uliza choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa. Uliza ngazi ni ngapi kutoka nje mpaka kitandani, na kama njia ya kwenda mahali pa kulia chakula ni ya saruji, changarawe au mchanga. Mwombe mwenyeji akutumie picha kwa simu, futi ya kupimia ikiwa imenyooshwa mlangoni. Atacheka, lakini wengi hutuma.

Kama kuna ngazi na unafikiria kutengenezewa njia mteremko, hesabu yake ni rahisi: kwa kila sentimita 1 ya kimo, ubao uwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji ubao wa sentimita 180, jambo ambalo fundi seremala wa Kyela atalikamilisha kwa muda mfupi. Ngazi tatu za kimo hicho zinahitaji zaidi ya mita tano, na hapo ni afadhali kuomba chumba kingine. Ikiwa choo ni cha kuchuchumaa, kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati ya kikalio na kulainishwa kingo hutosha kabisa, mradi miguu yake iwe imara na sakafu isiwe na utelezi. Kijaribu nyumbani kwanza; plastiki iliyochakaa hupasuka ghafla.

Majira nayo yana uzito wake. Mwambao huu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Mwezi Aprili na Mei maji hutuama kwenye mashamba ya mpunga, mito ya Kiwira, Mbaka na Songwe hujaa, na vijia vinavyotoka barabara kuu kuelekea majumbani huwa tope linalomeza gongo hadi nusu. Kuanzia Juni hadi Oktoba ardhi hukauka na joto hupungua. Ndiyo majira tunayomshauri mtumiaji wa kiti mwendo, ingawa katika miezi hiyo huvuma ule upepo wa kusini mashariki uitwao mwera, ambao huliamsha ziwa.

Njiani

Kutoka Dar es Salaam hadi Kyela ni zaidi ya kilomita 900. Ukiondoka Mbeya, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, barabara hupanda kwanza Isyonje kwenye baridi na ukungu, kisha hushuka kwa kona nyingi kupitia Kiwira na Tukuyu mpaka tambarare ya Kyela, iliyo mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika saa chache msafiri hutoka kwenye baridi ya sweta hadi kwenye joto la kulowesha shati. Wengi waliopata majeraha ya uti wa mgongo hawatoki jasho sehemu ya mwili iliyo chini ya jeraha, na mwili wao huchelewa kujipoza. Wawe na kitambaa na chupa ya maji ya kujilowesha, na wasikae upande unaopigwa na jua la mchana.

Mto wa kiti mwendo usipakiwe kwenye buti. Ukalie ndani ya basi. Asiyehisi makalio yake hawezi kujua kwamba ngozi imebanwa mpaka kidonda kimeshaanza, na kidonda cha namna hiyo kilichopatikana kwa siku moja ya safari huweza kuchukua miezi kupona. Kila baada ya dakika 15 hadi 30 jinyanyue kwa mikono, au egemea upande mmoja kisha mwingine. Mwenye kiwiliwili dhaifu aketi dirishani, afunge mkanda, na awekewe kanga iliyokunjwa ubavuni kwa ajili ya zile kona za Tukuyu.

Tunalo jambo jingine ambalo watu huona aibu kulisema. Wasafiri wengi wenye ulemavu hukaa siku nzima bila kunywa maji ili wasihitaji kushuka pale basi linaposimama watu "kuchimba dawa". Kwa joto la Kyela, na kwa watu ambao wengi wao husumbuliwa na maradhi ya njia ya mkojo, kufanya hivyo ni hatari. Zungumza na kondakta kabla ya basi kuondoka, si njiani. Mweleze kwamba utahitaji kushushwa kwenye kituo cha chakula chenye choo kinachofikika, na kwamba dakika kumi hazitakutosha. Kondakta aliyeambiwa mapema, mbele ya abiria wengine, kwa kawaida husubiri.

Kiti kwenye buti

Chukua mfano wa mama mmoja anayetoka Kyela kurudi mjini baada ya likizo. Wakati wa kuja, kiti chake kilisafiri salama, kwa kuwa buti lilikuwa na mabegi tu. Wakati wa kurudi ni tofauti, na yeyote anayeijua Kyela anaelewa kwa nini: hakuna anayeondoka kule mikono mitupu. Kuna magunia ya mchele, mikungu ya ndizi, madumu ya mafuta ya mawese. Kiti kiliingizwa kwanza, kikalazwa, na juu yake yakapangwa magunia manne. Kilipotolewa, gurudumu moja lilikuwa limepinda kama sahani na fremu haikunjuki. Kondakta akasema kiti kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Mama hana picha, hana stakabadhi, na tiketi yake haionyeshi kwamba alikuwa na kiti.

Yote hayo yangeweza kuzuilika dirishani pa tiketi. Unapokata tiketi, taja kwamba unasafiri na kiti mwendo au baiskeli ya magurudumu matatu, na uombe iandikwe. Chagua siti ya mbele karibu na mlango. Kama unaambiwa ulipie kiti, uliza hapohapo ni kiasi gani na kwa nini, na usitoe fedha yoyote bila stakabadhi. Msimamo wetu ni kwamba nyenzo anayoitegemea abiria ili ajongee haipaswi kutozwa kama bidhaa ya biashara, na ubishi kuhusu jambo hilo hufaa ufanyike ofisini mchana kuliko kando ya barabara usiku.

Siku ya safari, fika mapema. Piga picha za kiti kikiwa kimekunjuliwa, pande zote, na magurudumu yake. Chomoa kila kinachochomoka: vikanyagio, vishikio vya mikono, mto, viweke kwenye mfuko ulio nao mwenyewe, kwa maana kikanyagio kimoja kikipotea, kiti kizima huwa nusu kiti. Andika jina na namba ya simu kwenye fremu kwa rangi isiyofutika. Kisha omba kiti kiingizwe mwisho, kisimame wima, kisiwekewe kitu juu. Magongo na fimbo nyeupe havipelekwi kwenye buti kamwe; hukaa na mwenyewe, kando ya siti, mahali ambapo havitamkwaza anayepita.

Kikiharibika, usiondoke stendi kwanza. Piga picha nyingine ukiwa palepale, andika namba ya basi na saa, omba namba za simu za abiria wawili walioona, na mtake wakala aandike kwenye tiketi kwamba kiti kimepokelewa kikiwa na uharibifu. Malalamiko ya mabasi hupelekwa LATRA, ya meli TASAC, na ya ndege Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ikiwa aliyekukosea ni mwenye nyumba ya wageni aliyekutangazia huduma isiyokuwepo, mahali pa kuanzia ni Tume ya Ushindani. Andika siku hiyohiyo, kwa maneno machache, na utaje kile unachotaka: kutengenezewa, kulipwa, au kupewa kiti cha kutumia wakati unasubiri. Hilo la mwisho ndilo la haraka zaidi, na ndilo ambalo wengi husahau kuliomba.

Kwa anayekuja kwa ndege hadi Songwe, utaratibu ni mwepesi zaidi: toa taarifa saa 48 kabla, na omba kiti chako kirudishwe mlangoni pa ndege, si kwenye mkanda wa mizigo. Mwenye kiti cha betri aseme mapema ni betri ya aina gani. Betri ya lithiamu inayochomolewa husafiri pamoja na abiria ndani ya ndege, na ina ukomo wa nguvu.

Fundi yupo

Mgeni huogopa kwamba kiti kikiharibika Kyela hakuna wa kukitengeneza. Ukweli ni kinyume. Wilaya hii ni tambarare, na baiskeli ni chombo cha kila siku, kwa hiyo karibu kila gulio lina fundi baiskeli mwenye spana, viraka na spoki. Yeye huweza kuziba pancha, kunyoosha gurudumu, kubadili beringi na kukaza breki za kiti mwendo, mradi magurudumu yako makubwa yawe ya kipimo cha baiskeli, yaani inchi 24 au 26, na ya kujazwa upepo. Angalia namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi kabla hujaondoka nyumbani. Asichonacho fundi huyo ni yale magurudumu madogo ya mbele. Kama yako yanayumba au yamelika, yabadilishe kabla ya safari, au beba jozi ya akiba pamoja na nati zake.

Kiti cha aina ya hospitali, chenye magurudumu madogo magumu, kimetengenezwa kwa ajili ya sakafu. Kwenye udongo wa Ipinda au mchanga wa Matema kitazama, na wewe kitakutupa mbele. Kama una uchaguzi, njoo na chenye magurudumu matatu au chenye msingi mrefu. Wenye magongo nao wageuze mipira ya chini waitazame. Ikiwa imelika upande au chuma kimeanza kuonekana, sakafu yenye maji ya mvua itakuangusha. Mipira ya akiba ni midogo na bei yake si kubwa, beba minne.

Mchangani na majini

Barabara ya lami kutoka Kikusya kupitia Ipinda imeifanya Matema ifikike kwa gari dogo. Tatizo huanza pale lami inapokwisha. Mchanga mkavu wa juu ni laini na mzito; ule ulio karibu na maji, uliolowa na kushikamana, hubeba gurudumu vizuri zaidi. Sehemu ngumu kwa hiyo ni ile ya katikati tu. Punguza upepo kidogo kwenye matairi makubwa, kisha msaidizi akuvute kinyumenyume, magurudumu madogo yakiwa yameinuliwa. Mikeka miwili ikitandikwa kwa zamu, moja ikiokotwa nyuma na kutangulizwa mbele, huvusha kiti bila jasho jingi. Kwa magongo, fundi anayeshona katambuga kwa tairi za gari anaweza kukukatia vipande viwili vya duara, vipana kama kiganja, vya kufunga chini ya gongo ili lisizame. Vivue ukirudi kwenye saruji.

Asiyehisi miguu asiende bila viatu, hata kama kila mtu anafanya hivyo. Mchanga wa saa saba mchana huunguza, na mwenye miguu hiyo huona malengelenge jioni. Uliza wenyeji mahali pa kuogea. Kwenye midomo ya mito mamba wapo, na ziwa hili lina kichocho.

Wengi hutaka kufika Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi. Njia ya nchi kavu haifai kwa magurudumu, na tunasema hivyo bila kusita. Afadhali kuvisubiri vyungu vinakokuja: soko la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema, ambako hushushwa kutoka kwenye mitumbwi. Ukiamua kwenda kwa boti, nenda asubuhi ziwa likiwa limetulia, na zingatia jambo moja kuliko yote. Usikae ndani ya kiti mwendo chako kwenye boti ndogo au mtumbwi, na kamwe usijifunge mkanda wake. Chombo kikipinduka, kiti kitazama nawe. Keti kwenye ubao au sakafuni, vaa jaketi la kuokolea, na kiti kikunjwe, kifungwe kamba mbali na miguu yako. Boti isiyo na jaketi la kukutosha iache iende.

Kwenye meli kubwa, kama MV Mbeya II inayobeba abiria 200, unaweza kubaki kitini ukiwa umefunga breki na kiti kikiwa kimefungwa kamba kwenye nguzo. Uliza kabla ya kupanda kama kituo unachoshukia kina gati. Pasipo na gati, abiria huteremka kwenye boti ndogo, pengine usiku, na yale tuliyosema kuhusu mtumbwi yatakuhusu tena.

Mikono ya wenyeji

Kyela hutakosa msaada. Shida ni kwamba huja kabla hujauomba. Utasalimiwa "mugonile", na kabla hujamaliza kuitikia, watu wanne watakuwa wamekishika kiti chako, kila mmoja upande wake. Wasalimie vizuri, kisha waongoze bila haya, kwa sababu wao hawajui kiti chako. Waambie washike fremu. Vishikio vya mikono na vikanyagio huchomoka, na magurudumu huzunguka. Wengi wameangushwa kwa namna hiyo na watu waliowapenda. Kwenye ngazi, wawili wanatosha: mmoja nyuma kwenye mikono ya kusukumia, mmoja mbele akishika fremu chini, na mmoja tu ahesabu. Kupanda, kiti kitangulize mgongo. Kushuka, mgongo uelekee juu vilevile. Mwenye fimbo nyeupe naye aseme mapema kwamba atashika kiwiko cha anayemwongoza, asivutwe yeye mkono.

Jioni ya siku ya mwisho, kabla ya kufunga mabegi, geuza kiti juu chini na ukimwagie maji masafi. Mchanga wa Matema hujificha kwenye beringi za mbele na kwenye maungio ya kukunjia, nao husaga chuma taratibu. Kausha kwa kitambaa, tia tone la mafuta au grisi, rudisha upepo uliopunguza, na kaza nati zote kwa spana. Funika mto kwa mfuko wa plastiki dhidi ya mvua ya Tukuyu. Halafu piga zile picha upya, kwa tarehe ya siku hiyo, maana buti la basi la kesho litakuwa na mchele.